Wapangaji Waingie Kabla ya Kalamu ya Msanifu

Hii ni hotuba kamili niliyoitoa mbele ya wapangaji, wasanifu majengo, wahandisi na wasimamizi wa nyumba. Nimeiweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu wapangaji, wazee wetu, akina mama, vijana, wahandisi, wasanifu, nanyi mliokabidhiwa usimamizi wa majengo: nawasalimu nyote, na nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nianze na swali. Mtaa wa maghorofa ukishafikisha miaka hamsini au sitini, nani anajua unaumwa wapi?

Mhandisi atakuja na nyundo yake. Atagonga zege na kutega sikio asikie kama ndani kuna uwazi. Atakuonyesha kwenye kingo za vibaraza jinsi nondo zilivyoshika kutu, kutu ikavimba, na uvimbe ule ukabandua zege vipande vipande. Kazi hiyo ni ya lazima, na anayeifanya vizuri anaokoa maisha ya watu. Lakini nani atamwambia kwamba maji taka ya ghorofa ya chini hurudi juu kila mvua kubwa inaponyesha? Nani atamwambia kwamba lifti hukwama mlango ukiwa nusu wazi, na kwamba watoto wamejifunza kuusukuma kwa bega ili isogee? Nani atamwonyesha ile kona ya ngazi ambayo taa yake haidumu wiki moja, kwa hiyo akina mama wakitoka kazini usiku huzunguka jengo zima kuikwepa? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jengo hilo analilalia mpangaji.

Nina jambo moja tu la kusema leo, na yote mengine ni ya kulitilia nguvu. Ushirikishwaji wa wakazi haupimwi kwa idadi ya mikutano. Haupimwi kwa picha za watu waliokaa ukumbini, wala kwa karatasi ya mahudhurio iliyojaa sahihi. Unapimwa kwa swali hili: ni uamuzi gani uliobadilika kwa sababu mkazi alisema? Mkinionyesha hata uamuzi mmoja, nitasema mmeanza. Msipoweza kunionyesha hata mmoja, basi wakazi hawakushirikishwa, walipewa taarifa tu.

Twende Marekani, katika mji wa St. Louis. Katikati ya miaka ya 1950 ulikamilika pale mtaa wa nyumba za umma ulioitwa Pruitt-Igoe: majengo 33, kila moja la ghorofa 11, nyumba 2,870. Msanifu wake alikuwa Minoru Yamasaki, yule yule ambaye baadaye alisanifu minara pacha ya New York. Ulisifiwa ulipofunguliwa, na familia nyingi ziliingia kwa furaha kwa sababu zilikuwa zimetoka kwenye vyumba vibovu visivyo na maji.

Tazameni sasa uamuzi mmoja uliofanyika mezani. Ili kubana gharama, lifti zilipangwa zisimame ghorofa ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10 tu. Mama anayeishi ya 6, mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi, ashuke ya 7 ateremke ngazi. Kwenye karatasi huo ni ubunifu. Kwa mama yule ni ngazi zenye giza kila siku ya maisha yake. Aliulizwa na nani?

Uamuzi wa pili ulikuwa mbaya zaidi, ingawa haukuonekana kwenye mchoro wowote. Serikali kuu ililipia ujenzi, lakini matengenezo yalitakiwa yatoke kwenye kodi za wapangaji. Mji ukaanza kupoteza watu na ajira. Nyumba zikabaki tupu, kodi ikapungua, matengenezo yakasimama, na mabomba yalipopasuka yaliachwa hivyo hivyo. Waliokuwa na uwezo wakahama, kodi ikapungua tena. Mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma wa mji ule waligoma kulipa kodi kwa muda wa miezi tisa. Mwaka huo huo Bunge la Marekani likapitisha marekebisho ya sheria yaliyoletwa na Seneta Edward Brooke, kwamba kodi ya nyumba za umma isizidi robo ya kipato cha mpangaji. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa wapangaji wa nchi nzima, ila kwa Pruitt-Igoe ulikuwa umechelewa. Baruti zilianza kuangusha majengo mwaka 1972, na kufikia 1976 mtaa wote ulikuwa umeshasafishwa.

Watu wengi wameeleza kwamba pale usanifu ndio ulioshindwa. Mimi sikubali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na pale ufa haukuzibwa kwa sababu waliouona kila siku hawakuwa na fedha wala mamlaka ya kuuziba.

Kwa nini nina hakika? Kwa sababu katika mji huo huo palikuwa na mtaa mwingine wa maghorofa ya umma wa kizazi hicho hicho, Cochran Gardens. Nao ulikuwa umeoza. Pale alikulia Bertha Gilkey, msichana aliyeanza harakati za wapangaji akiwa bado mdogo. Yeye na wenzake hawakuanza na mpango mkubwa. Waliwauliza wakazi wanataka nini kwanza, na jibu likawa chumba cha kufulia nguo. Basi wakachangishana na kuanza na kufuli la mlango. Kufuli lilipokaa, wakapaka rangi chumba. Chumba kilipodumu, wakahamia kwenye korido, ghorofa moja baada ya nyingine. Mwaka 1976 wapangaji walikabidhiwa usimamizi wa mtaa wao, na kwa miaka mingi uliendeshwa vizuri hadi viongozi wa nchi wakaenda kuutazama.

Nisiwafiche mwisho wake. Miaka mingi baadaye, usimamizi ulipokuwa umeshatoka mikononi mwa wapangaji, Cochran Gardens nayo ilibomolewa. Kwa hiyo msinielewe kwamba wapangaji wakishika usukani jengo halizeeki tena. Linazeeka. Ninachosema ni kwamba maghorofa ya kizazi kimoja, katika mji mmoja wenye umaskini ule ule, yalipishana kwa miaka mingi, na tofauti iliyoonekana wazi ni nani aliyeamua.

Sasa nije kwenye swali linalowakosesha wengi wenu usingizi: kubomoa au kukarabati?

Mara nyingi swali hili huletwa kwenye mkutano likiwa limeshajibiwa. Utasikia, "Mtaalamu amesema jengo limechoka." Ndugu zangu, limechoka nini? Msingi umechoka, au mabomba? Nguzo zimechoka, au ni paa? Bomba la chuma linaweza kuchakaa kabisa ndani ya jengo ambalo nguzo zake ziko imara. Kubomoa jengo zima kwa sababu ya mabomba ni uamuzi wa fedha, si wa uhandisi, na wakazi wana haki ya kuambiwa hivyo kwa maneno yaliyo wazi.

Katika mji wa Bordeaux, Ufaransa, kuna mtaa uitwao Grand Parc, maghorofa yaliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Majengo matatu kati yake, yenye nyumba 530, yalikarabatiwa na wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, pamoja na wenzao Frédéric Druot na Christophe Hutin. Msimamo wao unajulikana: wao huanza na kilichopo, huongeza na kuboresha, hawakimbilii kubomoa.

Walifanyaje? Mbele ya jengo la zamani walisimamisha kiunzi kipya, na kila nyumba ikapata chumba cha ziada chenye kina cha mita 3.8, kilichofungwa kwa paneli zinazopitisha mwanga. Vipande vya sakafu vilitengenezwa kiwandani, vikainuliwa kwa kreni na kupangwa kimoja juu ya kingine. Kisha ukuta wa nje wa zamani wenye dirisha dogo ukakatwa, ukawekwa mlango wa kioo wa kusukuma, kutoka sakafuni hadi darini. Fikirieni mzee aliyekaa chumba kile kwa miaka arobaini akiangalia nje kupitia kidirisha. Siku chache baadaye anafungua mlango na kutoka kwenye nafasi yake mwenyewe, yenye jua, angani. Kazi ndani ya kila nyumba ilichukua takriban wiki mbili. Wakazi hawakuhamishwa. Kodi haikupandishwa. Na gharama ilikuwa chini sana kuliko ya kubomoa na kujenga upya.

Mradi ule ulipata Tuzo ya Mies van der Rohe, tuzo ya usanifu majengo ya Umoja wa Ulaya, mwaka 2019, na mwaka 2021 Lacaton na Vassal wakapewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni ya juu kabisa katika fani yetu. Nawatajia tuzo hizi kwa ajili ya wasanifu waliomo humu, maana najua mnaogopa kwamba ukarabati hauna heshima. Unayo. Na kwa wapangaji nataja lile lingine: hakuna aliyelazimika kufunga virago na kuondoka akiwa na ahadi tu mfukoni.

Je, kila jengo linafaa kuokolewa? Hapana. London palikuwa na jengo la ghorofa 22 lililoitwa Ronan Point. Mwaka 1968 gesi ililipuka katika nyumba moja, kona nzima ya jengo ikaporomoka kuanzia juu hadi chini, na watu wanne wakafa. Lilitengenezwa, likarudishiwa wakazi. Lilipokuja kufunguliwa kipande kwa kipande mwaka 1986, ilionekana wazi jinsi viungo vya zege vilivyofanywa ovyo. Jengo la namna hiyo liangushwe, na mapema. Lakini ushahidi uwekwe mezani, usomwe kwa lugha ambayo bibi wa ghorofa ya nane anaielewa, na wakazi wawe na mhandisi wao wa kuusoma pamoja nao. Nasema wao, maana yake alipwe na mradi lakini awajibike kwa wapangaji, na wao ndio wamchague.

Na ikiamuliwa kubomoa, nani atarudi? Hapa ndipo ahadi nyingi huzama.

Mtaa wa Byker, Newcastle, Uingereza, hutajwa kila mahali kama mfano bora wa ushirikishwaji. Sifa hizo unastahili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 msanifu Ralph Erskine alipewa kazi ya kuujenga upya, na jambo la kwanza alilofanya ni kufungua ofisi hapo hapo mtaani, katika duka la zamani la mzishi. Mlango ulikuwa wazi. Watu waliingia kuuliza, kulalamika, kutazama michoro, hata kuleta shida ambazo hazikuhusu ujenzi. Kabla ya kujenga mtaa mzima walijenga kwanza nyumba 46 za majaribio, wakakaa na familia zitakazohamia humo, wakajifunza makosa yao hapo kabla hayajarudiwa mara elfu. Majengo yale leo yanalindwa kisheria kama urithi.

Ila sikilizeni na upande wa pili, kwa sababu wanaousimulia Byker huuruka. Kusudi lilikuwa wakazi wa Byker wabaki Byker. Walio wengi hawakubaki. Nyumba za zamani zilibomolewa kwa kasi kuliko mpya zilivyojengwa, na familia iliyoambiwa isubiri haiwezi kusubiri barabarani. Ilihamia kwingine, watoto wakaanza shule huko, na mwaka wa kurudi ulipofika maisha yalikuwa yameshashika mizizi pengine. Hapakuwa na njama yoyote, ni ratiba tu iliyowashinda. Msanifu mwenye moyo mwema, mlango ulio wazi, majaribio mazuri, na bado ratiba ya ubomoaji ikawatawanya watu.

Ndiyo maana nasema haki ya kurudi isiandikwe peke yake. Iandikwe pamoja na mpangilio wa kazi. Jengo la kwanza lisimame kwenye uwanja ulio wazi, watu wa jengo la pili wahamie humo moja kwa moja, ndipo la pili liguswe. Mtu ahame mara moja. Akilazimika kuhama mara mbili, mkataba useme analala wapi katikati, kwa kodi gani, na nani analipa gari la mizigo. Na useme kodi ya nyumba mpya itakuwa kiasi gani, kwa sababu haki ya kurudi kwenye nyumba usiyoimudu ni karatasi tu.

London ilijifunza hili kwa uchungu, baada ya mitaa mizima kubomolewa na wenyeji wake kutawanyika. Tangu 2018, mradi unaotaka fedha za Meya wa jiji hilo, ukihusisha kubomoa nyumba za umma na kujenga nyumba 150 au zaidi, lazima kwanza upigiwe kura ya siri na wakazi. Mwenye mradi anaandika ofa yake, wakazi wanaisoma, wanapiga kura. Nawasihi wasimamizi, msiiogope kura. Mtu anayejua kwamba atapigiwa kura huandika ofa kwa makini zaidi.

Ndugu zangu, sasa naomba utulivu, maana ninalofikia ni zito.

Jengo la Grenfell, magharibi mwa London, lilikuwa na ghorofa 24. Lilikuwa limetoka kukarabatiwa, kazi ikaisha mwaka 2016. Kwa nje lilivalishwa paneli za alumini zenye plastiki katikati. Mwanzoni zilipendekezwa paneli za zinki, zikabadilishwa ili kuokoa karibu pauni 300,000. Kwa miaka kadhaa wakazi walikuwa wakilalamika kuhusu usalama wa moto, kuhusu njia za kutokea, kuhusu kazi iliyofanywa hovyo. Novemba 2016 kikundi cha wakazi kiliandika hadharani kwamba ni janga la vifo tu litakalowafanya wasimamizi wasikie.

Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 moto ulianza kwenye jokofu katika nyumba moja ya ghorofa ya nne. Ulitoka dirishani, ukashika paneli zile, ukapanda hadi juu. Watu 72 walipoteza maisha. Tume ya uchunguzi ilipotoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2024, mwenyekiti wake alisema vifo vyote vile vingeweza kuepukwa. Ripoti ilieleza pia jinsi uhusiano kati ya wasimamizi na wakazi ulivyokuwa umejaa kutoaminiana na chuki.

Nawauliza wenzangu wa taaluma: mara ngapi tumemwita mkazi anayeandika barua nyingi "mkorofi"? Mara ngapi tumesema, "Huyo tunamjua, kila siku ni malalamiko"? Barua ya mkorofi isomwe kwanza. Isomwe na mhandisi, si na karani. Ijibiwe kwa maandishi, kwa tarehe, kwa jina. Na nyenzo iliyokubaliwa na wakazi isibadilishwe kwa sababu ya bei bila kurudi kwao na kuwaambia: tunataka kubadilisha hiki kwa hiki, hiki kinaungua namna hii, kile namna ile. Grenfell ilikarabatiwa. Lakini kuna ukarabati unaofanywa kwa watu, na kuna ukarabati unaofanywa na watu, na katika ule wa kwanza hata ukuta mpya unaweza kuua.

Kuhusu fedha nitapita haraka. Nchini Denmark wapangaji wa nyumba za jamii huchagua bodi ya mtaa wao na kupiga kura juu ya bajeti yake, na tangu 1967 kuna mfuko wa kitaifa: mkopo wa ujenzi ukishamalizika kulipwa, sehemu ya kodi huendelea kwenda kwenye mfuko huo, nao hugharamia ukarabati wa mitaa iliyozeeka. Kwa hiyo jengo likifika umri wa kuchoka, fedha huwa imeshaanza kukusanywa. Linganisheni na Pruitt-Igoe.

Namalizia na jambo ambalo huachwa hadi mwisho, ilhali lilistahili kuwa la kwanza: ni nani anayehesabiwa kuwa mkazi?

Kwenye daftari la msimamizi kuna jina moja kwa kila mlango. Nyuma ya mlango ule kuna nani? Kuna mjane ambaye mkataba bado una jina la marehemu mume wake. Kuna kijana aliyepangishwa chumba kimoja na mpangaji mwenyewe, amelipa kila mwezi kwa miaka sita, na hana hata kipande cha karatasi. Kuna binti anayemuuguza mama yake. Mradi ukitangazwa, hawa ndio wanaopotea kwanza, tena kimya kimya. Na uvumi wa mradi ukishatoka, madalali huingia, majina mapya huota usiku mmoja, na wa kweli hushindwa kujitofautisha na wa bandia. Kwa hiyo hesabu ya kaya ifanyike kabla ya tangazo lolote. Ifanywe na watu wawili wawili, mmoja wa ofisi na mmoja aliyechaguliwa na wakazi wanaotumia ngazi hiyo. Iwekwe tarehe ya mwisho ya kuhesabiwa, orodha ibandikwe pale chini kwenye lango, na kila mtu apewe wiki za kutosha kuikosoa.

Baada ya hapo itengenezwe nyumba moja ya mfano, ndani ya jengo lenyewe, si kwenye kompyuta. Wakazi waingie. Wafungue bomba, wasikilize kama sauti ya jirani inapenya ukutani, mwenye kiti cha magurudumu ajaribu kugeuka bafuni, bibi ajaribu kufikia kitasa cha dirisha. Kila kasoro iandikwe ukutani pale pale kwa chaki. Mkandarasi asisaini kazi ya nyumba ya pili kabla ya chaki ile kufutwa na aliyeiandika.

Mwenyekiti, nimeambiwa tuna nusu saa ya maswali. Naomba yaanze na wapangaji, na katibu aandike kila swali pamoja na jina la mtaalamu atakayelijibu na tarehe ya jibu. Yatakayobaki leo bila jibu yasomwe kwanza kwenye kikao kijacho, kabla ya ajenda nyingine yoyote. Ahsanteni sana.